Picha Isiyo na Mwenyewe: Simu, Habari na Ukweli Kwenye Pwani ya Ruvuma

Oktoba 14, 2020, wapiganaji waliovuka Mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walikivamia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa. Siku kadhaa zilipita kabla ya aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, kulizungumzia shambulio hilo hadharani na kutaja wavamizi wapatao 300. Nchi ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi mkuu, na ukimya huo uliacha uwanja wazi. Simu ndizo zilizoujaza.

Tangu hapo, kila linapotokea jambo kubwa kwenye ukanda huu, kuanzia Mikindani, Msangamkuu na Msimbati hadi vijiji vya kando ya mto, watu wanaulizana yale yale. Hii picha niliyotumiwa ni ya hapa? Ya lini? Kaipiga nani? Mara nyingi hakuna wa kuulizwa. Aliyeituma kaitoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, kundi la ukoo limeipata kwenye kundi la wakulima wa korosho, na nyuma ya hapo njia inapotea.

Majibu yanayotolewa ni mengi na yanagongana. Wako wanaotaka sheria kali, wako wanaotaka kila mwenye simu aachwe huru, wako wanaosema kazi warudishiwe waandishi wa habari, na wako wanaoamini kwamba mitambo itatusaidia kutambua uongo. Kila upande una hoja ya kweli ndani yake. Ila naona wote wanazunguka jambo moja bila kulitaja: teknolojia ya dijitali imeitenga picha na mwenyewe, yule mtu anayeweza kusema "nilikuwepo, niulize mimi." Dawa yoyote ipimwe kwa hilo, kama inamrudisha mwenyewe au inazidi kumfukuza.

Enzi za muhuri nyuma ya picha

Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Majimaji kulipuka, mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi, Newala na uwanda wa Makonde akiwa na kamera ya picha mnato, kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti. Alipiga picha za watu, ngoma, hata sherehe za unyago, akarudi Leipzig na kila kitu. Waliopigwa hawakuwa na usemi wowote juu ya picha hizo, na waliotoka kushindwa vita hawakuwa na nafasi ya kumkatalia Mjerumani. Uovu huo hausafishiki. Hata hivyo tunajua nani alisimama nyuma ya kamera, mwaka gani, katika safari ipi.

Studio zilizokuja baadaye kwenye pwani yetu zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo, tena kwa hiari ya anayepigwa. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni mfano unaojulikana. Mkanda ulikuwa na picha chache, kila moja ina gharama ya kusafisha na kuchapa, kwa hiyo kila mbonyezo ulifikiriwa. Picha ikitoka, ukiigeuza unakuta muhuri wa studio na pengine tarehe kwa kalamu. Negativi ilibaki kabatini kwa mpiga picha. Ukitokea ubishi, watu walijua mlango wa kugonga.

Mageuzi yalianzia mbali. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, na Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba kinga ya mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake. Kwetu, lililobadili mambo zaidi ni nyaya za intaneti za baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zilizotua Dar es Salaam, na simu za bei nafuu zilizofuata. Kamera iliacha kuwa mali ya fundi ikawa kitu cha mfukoni.

Mtwara ina kipimo kizuri cha mabadiliko hayo: sakata la gesi. Desemba 27, 2012 wakazi waliandamana kupinga gesi ya Mnazi Bay kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Siku nne baadaye, Desemba 31, matangazo ya televisheni ya analojia yalizimwa Dar es Salaam. Ni kana kwamba nchi ilikuwa mlangoni, mguu mmoja umetangulia kwenye dijitali, mwingine bado uko nje. Mei 22, 2013, siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, ghasia zilizuka tena, zikitanguliwa na vipeperushi na ujumbe mfupi wa simu. Nyumba ya mwandishi wa shirika la utangazaji la taifa ilikuwa miongoni mwa zilizochomwa. Wakati ule picha iliyoonekana nchini ilitoka kwenye kamera chache, na wenye hasira walijua kamera hizo ni za nani. Kitaya, miaka saba baadaye, kamera zilikuwa nyingi mno na wenye nazo hawakujulikana.

Hoja ya kwanza: dhibiti

Serikali imeshika njia ya sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtishia anayechapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu akate leseni. Ada ya maombi, leseni na malipo ya mwaka zilifika shilingi milioni 2.1 kwa pamoja. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2020, na baadaye ada zikapunguzwa, lakini mantiki imebaki: anayetaka kuonyesha watu wengi jambo fulani, kwanza ajitambulishe kwa mamlaka.

Upande huu usidharauliwe, hasa na anayeishi mpakani. Uvumi unaua. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa Mtwara na Lindi, na watu wa maeneo ya chini wakatakiwa kuhama. Ilikuwa wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuuzamisha mji wa Beira, Msumbiji. Picha yoyote ya mafuriko ya Beira iliyotua kwenye simu ya mvuvi wa Msimbati bila neno la maelezo ingeweza kumwambia kwamba maji yameshafika, au, upepo ulipopungua, kwamba serikali imeficha maafa. Kenneth kiligonga Cabo Delgado Aprili 25, Mtwara ikasalimika. Saa kama hizo zinahitaji sauti moja yenye mamlaka, na anayefanya kazi yake vizuri asivurugwe. Vivyo hivyo kwenye vita: video inayoonyesha askari wamejipanga wapi ni zawadi kwa adui.

Tatizo ni jinsi nyavu hizi zinavyovua. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, gazeti la Mwananchi liliweka mtandaoni picha ya Rais John Magufuli akinunua samaki huku amezungukwa na watu. Ilikuwa picha halisi, ila haikuwa ya siku zile. Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha leseni ya mtandaoni ya gazeti hilo kwa miezi sita na kulitoza faini ya shilingi milioni tano. Kosa lilikuwepo, kwa sababu picha ya kweli ikiwekwa kwenye wakati usio wake inasema uongo. Lakini tazama nani aliyenaswa. Ni chombo chenye ofisi, mhariri na jina mlangoni, ambacho kingeweza kutakiwa kusahihisha na kuomba radhi siku hiyo hiyo. Video zisizo na jina zilizojaa kwenye simu wakati ule hazikutozwa kitu, maana hakuna wa kumtoza.

Hapo ndipo sheria inapojikwaa. Adhabu inamfikia mwenye jina pekee, kwa hiyo kila mwenye akili anajifunza kutokuwa na jina. Anayepiga picha ya jambo zito Nanyamba au Kilambo hawezi kuandika "nimepiga mimi, saa nne asubuhi, mbele ya zahanati." Anairusha kwa rafiki, anaifuta kwenye simu yake, na kuanzia dakika hiyo picha ni yatima. Sheria iliyokusudia kuleta uwajibikaji ndiyo inayozalisha picha zisizo na wa kuwajibika.

Kuzima mtandao wote ni mkono ule ule kwa nguvu zaidi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi baada ya siku kadhaa, na wananchi wakapokea ujumbe wa polisi kwenye simu ukiwaonya wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Mtandao uliporudi, video za siku hizo zilitoka zote kwa mpigo, na vyombo vya kimataifa ndivyo vilivyokaa kuzichambua jengo kwa jengo. Watanzania walielezwa mitaa yao na watu walioko London na Atlanta.

Hoja ya pili: kila mwenye simu ni mwandishi

Wanaopinga udhibiti wanasema jambo ambalo jiografia yenyewe inalithibitisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 500, na kutoka mjini hadi kando ya Ruvuma bado kuna safari. Hakuna chumba cha habari kinachoweza kufika Kitaya usiku wa tukio. Simu ya mwanakijiji imeshafika, kwa sababu iko pale siku zote. Bila simu hizo, mambo mengi ya kusini yangebaki taarifa ya mstari mmoja, au yasingekuwa taarifa kabisa.

Ng'ambo ya mto tumeona gharama ya kunyamazisha macho hayo. Amade Abubacar, mwandishi wa Cabo Delgado, alikamatwa Macomia Januari 2019 alipokuwa akiripoti juu ya watu waliokimbia mashambulizi. Ibraimo Mbaruco, wa redio ya jamii ya Palma, alitoweka Aprili 7, 2020 baada ya kumtumia mwenzake ujumbe kwamba amezingirwa na wanajeshi. Palma iliposhambuliwa Machi 24, 2021, mawasiliano ya simu yalikatika, na kwa siku kadhaa dunia ilibaki kubahatisha nini kinaendelea kwenye mji ulio jirani kabisa na Mtwara. Giza lile halikumlinda raia yeyote.

Hata hivyo uhuru mtupu una upungufu ambao watetezi wake hawapendi kuukabili. Kwanza, mtandao hauna hamu ya ukweli, unalipa kinachoshtua. Mwenye ukurasa wa kurusha klipu anajua kwamba maiti na moshi vinaleta watazamaji kuliko maelezo ya utulivu, na pato lake linategemea watazamaji hao. Pili, njia yenyewe inafuta kumbukumbu. Picha iliyotoka kwenye simu ina taarifa ndani yake: tarehe, saa, aina ya simu, mara nyingine hata mahali. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana na kuziondoa taarifa hizo. Ikipita mikono mitano inabaki sura tu. WhatsApp wameweka alama ya mishale miwili kwa kilichosambazwa sana, na tangu 2020 kitu cha namna hiyo husambazwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Hiyo inapunguza kasi, lakini haimrudishi aliyepiga. Tatu, akili mnemba sasa inatengeneza picha za mambo ambayo hayakutokea. Na madhara makubwa ya hilo, kwa maoni yangu, yatakuwa upande wa pili: mkosaji aliyenaswa na picha ya kweli atasema imetengenezwa, na wengi watamwamini.

Hoja ya tatu: warudishiwe wenye taaluma

Wengine wanasema jibu ni kuwategemea waandishi. Mtwara wanao. Kuna klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, kuna waandishi wa kujitegemea wa magazeti na televisheni za Dar es Salaam, na kuna redio za jamii kama Jamii FM ya Naliendele, zinazotangaza kwa watu zinaowajua na sasa zinaweka habari na picha zao mtandaoni. Mwandishi wa namna hii ana kitu ambacho ukurasa wa Instagram wa Dar es Salaam hauna: kesho atakutana sokoni na mtu aliyempiga picha.

Lakini tuangalie kabati lake la picha. Mgeni rasmi akikata utepe. Mkuu wa wilaya akikabidhi madawati. Washiriki wa semina katika picha ya pamoja. Sababu haiko kwenye uvivu. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa kila habari inayotoka, kwa kiwango ambacho hakilipi hata nauli ya kwenda Msimbati na kurudi. Anayemwezesha kusafiri ni mwenye shughuli, kwa gari lake na posho yake, na anayetoa gari ndiye anayechagua kamera ielekee wapi. Matangazo ya biashara yaliyokuwa yakiwalipa wapiga picha wa magazeti yamehamia Facebook na Google. Kusema "tuwaachie wenye taaluma" bila kusema nani atalipa mafuta ya pikipiki ni kumtwika mtu mzigo baada ya kumkata mguu.

Wapiga picha wa studio wamepigwa na wimbi hilo hilo, nao tusiwasahau. Picha ya kitambulisho cha taifa inapigwa palepale unapoandikishwa. Picha za familia kila mtu anajipigia. Zimebaki harusi, mahafali na picha za pasipoti. Kabati la negativi, lililokuwa kumbukumbu ya mji bila mtu kulipangia kazi hiyo, halina mrithi. Simu ikianguka majini pale kwenye kivuko cha Msangamkuu, imezama na miaka mitano ya ukoo mzima.

Hoja ya nne: vifaa vitatupa ukweli

Septemba 2020 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za jeshi wakimuua mwanamke aliye uchi barabarani, Cabo Delgado. Wizara ya Ulinzi ya Msumbiji ilitilia shaka uhalisi wake. Wachunguzi wa Amnesty International walikaa na kila kilichoonekana kwenye fremu, kuanzia barabara na majengo hadi sare na silaha, wakalinganisha na picha za setilaiti, na kusema tukio lilitokea karibu na Awasse. Ni kazi ya kuheshimiwa. Inaonyesha kwamba picha yatima inaweza kutafutiwa wazazi.

Ila ilihitaji wataalamu walioko ng'ambo, setilaiti na muda. Mama wa Kitaya aliyepokea klipu saa mbili usiku na anatakiwa kuamua kama abebe watoto au alale, hana vitu hivyo. Nguvu ya uchunguzi wa namna hii iko kwenye haki ya baadaye, na haki ya baadaye ni jambo kubwa. Kwa uamuzi wa usiku ule, haifai kitu.

Aliye ndani ya picha

Pande zote nne zinabishana juu ya mpigaji na msambazaji. Aliyepigwa haulizwi, kama ambavyo hakuulizwa mwaka 1906.

Kwa Wamakonde, anayevaa kinyago cha lipiko hatajwi. Ngoma inapochezwa watu wote wanajua kuna binadamu ndani, na heshima ya ngoma iko kwenye kutosema ni nani. Unyago nao una mafunzo yasiyotoka nje ya waliowekwa ndani. Leo mwalikwa mmoja mwenye simu anaweza kurekodi mwali akitolewa, akairusha kabla wali haujaiva, na binti wa miaka kumi na mitatu anatazamwa na watu asiowajua wa miji asiyoijua, wengine wakiandika matusi chini yake. Weule alihitaji msafara wa wapagazi kufanya uvamizi kama huo. Sasa inatosha bando la siku.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatoa pa kuanzia, kwa kuwa sura ya mtu ni taarifa yake. Lakini sheria hiyo itabaki Dodoma iwapo kungwi hataweka sharti mlangoni kwamba simu zote zikae kwenye kapu hadi wali uliwe. Katika hili kungwi ana nguvu kuliko kamishna yeyote, na ningependa aitumie.

Mizani

Udhibiti una haki pale hatari ni ya saa hiyo hiyo, kama kimbunga au vita, na unakosea unapofanywa kuwa desturi ya kila siku. Uhuru ndio unaotuletea jicho mahali pasipofikika, lakini unamtupa mwathirika. Taaluma ina dhamana, haina nauli. Vifaa vina usahihi, na vinachelewa. Nikilazimika kuchagua pa kuweka uzito, ninauweka kwa mwandishi na mpiga picha wa mahali, kwa masharti mawili.

Sharti la kwanza ni mamlaka kuonyesha mapema. Kamanda akitoa picha moja yenye tarehe na maneno matatu ya kweli ndani ya saa chache, klipu kumi za uvumi zinakosa soko. Kitaya ilionyesha kinyume chake kwa gharama kubwa. Sharti la pili ni sheria kumkinga anayejitaja: aliyetaja jina, mahali na saa, akakosea kwa nia njema, atakiwe kusahihisha, faini na kifungo viachwe kwa anayedanganya kwa makusudi. Sheria zetu zina mbegu ya fikra hii. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inapopima ushahidi wa kielektroniki, inaitaka mahakama itazame ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na jinsi aliyeutoa alivyotambulika. Huo ni muhuri wa nyuma ya picha kwa lugha ya kisheria.

Yanayobaki ni ya mikono yetu, na hayahitaji waziri. Anayepiga jambo zito aitume picha kwenye redio ya jamii kama hati, isiwe kama picha ya kawaida, ili faili lifike zima na tarehe yake. Redio iwe na diski moja na daftari moja: nani kaleta, lini, wapi, nani wengine walikuwepo, na je, anataka jina lake lifichwe. Jina linaweza kufichwa kwa umma na likabaki linajulikana kwa mhariri. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa korosho kila msimu haziwezi kushindwa na bei ya diski na mafuta ya pikipiki, mradi zisidai kuchagua picha.

Picha alizopiga Weule Newala zimetunzwa Leipzig hadi leo, na anayezitaka anajua nani alizipiga na mwaka gani. Zile za Kitaya, zilizopigwa na watu wa Kitaya wenyewe, zimetawanyika kwenye simu ambazo nyingi zimeshauzwa, zimevunjika au zimefutwa ili kupata nafasi.